Saa za angani si saa za kufika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotuuzia tiketi za ndege hapa Dar es Salaam, hasa mawakala. Ukiwauliza Dar mpaka Mbeya ni muda gani, wanakujibu, "Saa moja na dakika ishirini." Hawakudanganyi. Lakini kwa jibu hilo sikumzika shangazi yangu.

Alifariki Tukuyu, maziko yakapangwa saa nane mchana. Basi la usiku tuliliacha kwa makusudi. Ndege inaruka saa mbili asubuhi, tukasema, saa tatu na ushee tuko Mbeya, tutawahi hata kuaga mwili. Saa mbili ikatukuta kwenye viti vya kusubiria: Songwe, kiwanja cha ndege cha Mbeya, kuna ukungu, ndege haiwezi kutua. Tuliondoka saa tano.

Na kutua Songwe si kufika Mbeya. Kiwanja cha zamani kilikuwa mjini. Hiki, kilichoanza kutumika Desemba 2012, kiko zaidi ya kilomita 20 nje ya jiji, upande wa kwenda Tunduma. Anayekwenda Tukuyu inabidi alikate jiji lote, Mafiati, Mwanjelwa hadi Uyole, katikati ya malori ya Zambia na Kongo, ndipo aishike barabara ya Kyela. Tulipoingia uani, majembe yalikuwa yameshaegemezwa kwenye mgomba na kina mama wanapakua chakula. Mama yangu, mwenye miaka 72, alishuka kwenye gari na kitenge cha kumfunika wifi yake bado kimekunjwa mkobani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia hesabu hizi. Dar hadi Songwe kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 690. Kwa barabara, Dar hadi Mbeya inapita 800. Jeti ikishatulia juu hukimbia kilomita 800 na kitu kwa saa, ndege ya pangaboi 600 na kitu. Ukigawanya tu, jeti haimalizi hata saa nzima. Lakini ndege hujivuta kwanza hadi kwenye njia ya kurukia, ikapanda, kisha ikapunguza mwendo kabla ya kutua, na dakika zote hizo zinahesabika. Ndiyo maana Zanzibar, kilomita kama 73 tu, haichukui dakika saba bali kama ishirini. Mtu wa Posta, Dar, anayekwenda Darajani, Unguja, aongeze foleni ya Barabara ya Nyerere, kuwahi kiwanjani mapema na teksi ya upande wa pili. Boti inamchukua palepale Posta na kumshusha Malindi ya Unguja kwa muda wa saa mbili hivi.

Sisemi watu waache ndege. Nimepanda mara nyingi na nitapanda tena. Ombi langu ni kwamba wakala akisikia mtu anakwenda msibani au anampeleka mgonjwa, amuulize anaishia wapi hasa na anatakiwa awe amefika saa ngapi. Kama ni Tukuyu, amwambie kuna kipande cha barabara cha saa kadhaa baada ya kutua, na kwamba ukungu wa asubuhi unaweza kuichelewesha ndege. Sisi tungeambiwa hivyo jioni ile tulipolipia, tungekwenda Mbezi usiku uleule kupanda basi.

Msomaji wako,
Tabata, Dar es Salaam