YAH: Malalamiko kuhusu kuondolewa kwa tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti za kahawa

Kwa Meneja Mauzo,

Nimenunua kahawa yenu ya punje kwa miaka mingi kwa sababu pakiti ilieleza wazi kahawa imelimwa wapi na imekaangwa lini. Pakiti nilizonunua hivi karibuni katika duka lenu la Moshi hazina maelezo hayo. Zimeandikwa tu “Kahawa ya Tanzania”, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi ambayo bado iko mbali kwa miaka miwili.

Tarehe hiyo haimsaidii mtu anayejali ladha. Kahawa ikishakaangwa hutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, ndiyo maana pakiti zenu zina kitundu cha kupumulia. Baada ya hapo harufu yake hupungua wiki hadi wiki, hata kama hakuna chochote kilichooza. Niliposaga punje hizi na kuzimwagia maji ya moto, unga haukuumuka hata kidogo, dalili ya kahawa iliyokaa muda mrefu.

Kinachonisikitisha zaidi ni ukaangaji wenyewe. Punje ni nyeusi na zimetapakaa mafuta, na ule uchachu safi wa kahawa aina ya Arabika ya milimani umeungua, ukabaki uchungu ambao kahawa ya popote duniani ingeweza kuutoa. Mkulima huchagua matunda mekundu tu, huyamenya mapema, huchachusha buni, huziosha na kuzianika kwenye vichanja akizigeuza mara kwa mara, na kazi yote hiyo hupotea kwa dakika chache za moto uliopitiliza.

Vilevile sijui kama ninachokunywa ni Arabika tupu au kimechanganywa na aina nyingine ya kahawa, Robusta. Siidharau Robusta, kule Kagera kahawa hutafunwa na hukirimiwa mgeni kwa heshima kubwa. Ninachodai ni kuambiwa ninachokinunua.

Mhudumu wenu alinijibu kwamba wateja wengi hawasomi maandishi ya pakiti. Hoja hiyo siikubali. Wazee wa mwambao wanaokunywa kahawa chungu barazani hawana pakiti ya kusoma, lakini muuzaji akiwamiminia kutoka kwenye birika la dele kahawa iliyolala, humrudishia kikombe papo hapo. Kuchagua kahawa nzuri ni desturi ya watu wetu, si anasa ya watalii, na kampuni inayouza kahawa ya nchi hii inapaswa kuiheshimu.

Kwa hiyo naomba mrudishe kwenye pakiti tarehe ya kukaangwa, aina ya kahawa na mkoa ilikotoka, na muuze tena punje zilizokaangwa kwa kiasi. Naomba pia mnibadilishie pakiti ambayo bado sijaifungua, risiti ninayo. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi.

Wenu mwaminifu,
Mteja, Moshi