Malalamiko: Kutozwa kwa matengenezo ya kubahatisha

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Malindi.

Bwana/Bibi,

KUH: MLIO WA PIKAPU YANGU

Karakana yenu imenitoza mara mbili kwa mlio ambao hakuna aliyeutafuta.

Gari lilikuwa likilia kwi-kwi-kwi kila linapoondoka, na mwendo ukiongezeka mlio nao unakazana. Niliyaeleza hayo mapokezi. Fundi wenu akafungua boneti, akabadilisha fani belti. Kufika Gede, mlio ni ule ule. Niliporudi zikabadilishwa breki pedi za nyuma. Za zamani nilipoziomba niliambiwa zimeshatupwa. Mlio haukukoma, mkataka giaboksi ishushwe. Hapo nikakataa.

Kumbe ingetosha kulitoa gari nje ya geti na kulisikiliza. Belti huzunguka na injini, kwa hiyo ningekanyaga mafuta gari likiwa limesimama ingelia. Haikulia. Nikitoa gia njiani na kuliacha gari lijiendee, kelele iliendelea. Nikigusa breki, sauti haikubadilika. Na kubwa zaidi: gurudumu likizunguka mara moja, mlio ulipiga mara kadhaa. Kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kinachozunguka haraka kuliko gurudumu ni propela shafti, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu nyuma kutoka kwenye giaboksi, maana difu, yaani gia zilizo katikati ya magurudumu ya nyuma, ndiyo inayopunguza kasi kabla haijafika kwenye tairi.

Fundi mmoja wa Maweni alilala chini, akaitikisa shafti kwa mkono, akanionyesha unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vya krosi, yaani kiungio cha shafti kinachoiwezesha kujikunja. Grisi ilikuwa imekauka, beringi zinasagana chuma kwa chuma. Kwa hewa hii yetu ya chumvi, nashangaa karakana ya Malindi isitazame hapo mwanzo. Krosi ikivunjika gari likiwa mbioni, shafti huweza kuanguka barabarani, na mimi hubeba watu nyuma. Amebadilisha krosi, mlio umeisha.

Nadai nirudishiwe pesa zote za belti, pedi na ufundi, kama zilivyo kwenye risiti nilizoambatisha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Nataka pia maelezo ya maandishi: ni kipimo gani kilichowafanya mtake kushusha giaboksi nzima?

Jibu lije kwa barua. Ile ahadi ya kuoshewa gari bure siihitaji.

Wenu,
Mwenye pikapu