Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mapengo katika daftari la imla

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Yah: Kumbukumbu na umakini wa wanafunzi wenye kifafa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Ulanga, na nina kifafa tangu nikiwa na umri wa miaka 9. Sikuandikii kuhusu kuanguka, kwa sababu kuanguka kunaonekana na kila mtu ana la kusema juu yake. Nakuandikia kuhusu kusahau na kupotewa na umakini, mambo ambayo katika shule nyingi bado yanahesabiwa kuwa uvivu au utovu wa nidhamu.

Wilaya hii si ngeni kwa ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge na akaeleza habari za watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, dalili ambayo watafiti wanaihusisha na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Walimu wengi wa huku wanajua kumlaza mtoto ubavu na kusogeza madawati asijigonge. Wasichokijua ni la kufanya siku inayofuata, mtoto huyo anaporudi darasani akiwa hakumbuki somo alilolieleza vizuri mbele ya wenzake juzi yake.

Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne ambaye hakuwahi kuanguka hata mara moja. Daftari lake la imla ndilo lililonishtua. Sentensi zilikuwa na mapengo, maneno mawili matatu hayapo, kisha mwandiko unaendelea uleule, mzuri, kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilikuwa nimekwisha kumwekea alama nyekundu za kutosha, na nakiri nilikuwa nimemgombeza mbele ya darasa, kabla sijatambua kwamba mtoto mvivu huacha mwisho wa sentensi, wakati huyu alikuwa akiacha katikati. Nilipoanza kumtazama usoni badala ya kutazama daftari, niliona macho yakikodoa na kope zikicheza kwa sekunde chache, halafu anarudi na kuendelea na neno nililokuwa nimefika. Hospitalini daktari alimwambia avute na kutoa pumzi kwa nguvu mfululizo, na akazubaa vilevile mbele ya mama yake. Hicho nacho ni kifafa, na kwa mtoto asiyetibiwa kinaweza kumjia mara nyingi, hata makumi ya mara, kwa siku moja. Kila mara kinachukua sehemu ya somo ambayo yeye mwenyewe hajui kama ilisemwa.

Kwangu mambo ni tofauti kidogo. Ndani ya ubongo, usawa wa sikio, kuna sehemu ndogo inayosaidia kuhifadhi kumbukumbu mpya, na kwa watu wazima wengi kifafa huanzia huko. Tukio la kifafa likija, yale niliyoyasoma saa chache kabla yake huweza kupotea kabisa, na yale ya baadaye huingia kwa shida mpaka ukungu uondoke. Dawa nayo ina gharama yake. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika mwaka 1912 na ambayo bado inategemewa sana kwa kuwa bei yake ni nafuu, imenizuia nisianguke kwa miaka mingi, lakini inapunguza kasi ya kufikiri. Simlaumu mtu kwa hilo. Afadhali kuwa mzito wa kujibu kuliko kuangukia jikoni. Majina ya wanafunzi wangu nimeyaandika kwa mpangilio wa madawati katika daftari dogo la mfukoni, na wao wamezoea kuniambia, bila dharau, kwamba somo hilo tulimaliza jana.

Mheshimiwa Waziri, tatizo linakuwa kubwa zaidi katika chumba cha mtihani. Siku ya pili ya mtihani wangu wa kidato cha nne nilianguka asubuhi, nikazinduka, nikanawishwa uso, na mchana nikarudishwa kuketi mbele ya karatasi nyingine kana kwamba nilikuwa nimejikwaa tu. Nilisoma swali la kwanza mara tano. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na hilo ni jambo la haki. Ninachoomba ni kwamba mwanafunzi aliyethibitishwa na daktari kuwa na kifafa naye ahesabiwe miongoni mwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, apewe muda wa nyongeza, na akipatwa na tukio siku ya mtihani apangiwe siku nyingine ya kufanya karatasi aliyoikosa. Naomba pia vyuo vya ualimu vifundishe kukitambua kifafa kisichoangusha, maana huduma ya kwanza peke yake haimwokoi mtoto na adhabu ya viboko kwa kosa la kutosikiliza.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila matukio wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mwanafunzi wangu ni mmoja wao: kwa dawa aliyoandikiwa mapengo yamekoma, isipokuwa wiki ambazo dawa inakosekana na mama yake hana nauli ya kuifuata mbali.

Mimi niliurudia mtihani mwaka uliofuata kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa ada aliyonilipia mjomba, ndipo nikafika chuo cha ualimu. Mtoto huyu hana mjomba wa namna hiyo, na mtihani wake wa kumaliza elimu ya msingi ni mwakani. Ningeshukuru kupata jibu kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ulanga, Morogoro