Anayeuza mnadani naye huibiwa

Mhariri,

Kila panapoandikwa kuhusu minada ya mtandaoni, maonyo humwendea mnunuzi: asiuziwe feki, asilipie hewa. Ni haki yake. Lakini anayeuza saa au mkoba wa chapa kubwa naye huibiwa, na akiibiwa hupoteza vyote viwili, mali na fedha. Naomba nafasi nimsemee huyu.

Kwenye eBay, soko la mnada la mtandaoni, mnunuzi ana siku 30 tangu apokee kifurushi kudai kwamba kilichomfikia sicho alichoahidiwa. Kwenye PayPal, huduma ya kulipana mtandaoni, anaweza kufungua dai hadi siku 180 baada ya kulipa. Wala usijitulize kwa kutazama sifa zake: tangu 2008 wauzaji wa eBay hawaruhusiwi kumpa mnunuzi alama mbaya, hivyo hata tapeli mzoefu ukurasa wake unang'aa. Na atakayeamua ugomvi wenu hajakiona kitu chenyewe. Anaangalia picha, namba na karatasi basi. Ndiyo maana kazi ya kujilinda huanza kabla tangazo halijapanda.

Wizi unaouma kuliko wote ni ule wa kubadilisha. Tapeli ana feki yake nyumbani, ananunua halisi yako, kisha anakurudishia ile feki akilalamika kwamba ndiyo uliyomtumia. Hapo unatakiwa uthibitishe kwamba kilichorudi sicho kilichotoka. Wengi hudhani namba inatosha, lakini si kila namba ina nguvu sawa. Kila saa ya Rolex ina namba yake. Kwenye za zamani imechongwa ubavuni mwa kasha, katikati ya miguu inayoshika mkanda, upande wa tarakimu 6, na huioni mpaka mkanda utolewe; kwenye za miaka ya karibuni iko kwenye pete ya ndani inayozunguka uso wa saa. Huo ni ushahidi. Msimbo uliokuwa ukigongwa ndani ya mikoba ya Louis Vuitton ni jambo jingine: unaeleza mahali na wakati wa kutengenezwa tu, na mikoba mingi ina msimbo uleule. Tena mwaka 2021 kampuni hiyo iliacha msimbo ikaanza kuweka chipu isiyoonekana kwa macho. Asiyelijua hilo hutafuta msimbo kwenye mkoba mpya, akiukosa anapiga kelele kwamba kauziwa feki. Liandike kwenye tangazo mapema.

Pasipo namba ya pekee, ngozi yenyewe iwe shahidi. Weka taa ubavuni, si juu, ili kila mkunjo na kila mkwaruzo utupe kivuli chake. Piga picha pembe zote 4 za chini, mahali mshono unapoikata herufi ya nembo, uzi uliobaki mwishoni mwa mshono, na michubuko ya kifungo cha chuma. Mwenye feki hununua nembo ikiwa imeshachapwa. Mchubuko ule, mahali palepale, hana pa kuununua. Picha chache kati ya hizo zisitoke hadharani kabisa, zibaki kwako. Namba nayo ifunike tarakimu 3 au 4 za mwisho unapotangaza, maana watengenezaji wa feki huokota namba halisi kwenye matangazo na kuzigonga kwenye bidhaa zao.

Maneno ya tangazo pia huwafunga wenyewe walioyaandika. "Kama mpya" ni mtego: hesabu mikwaruzo na uitaje ilipo. Saa iliyowahi kubadilishwa uso, kioo au mkanda kwa kipuri kisicho cha kiwanda, sema hivyo waziwazi, kwa sababu kipuri kimoja cha kuiga chatosha saa nzima kuitwa feki. Kuandika kwamba hupokei marejesho hakukukingi na dai la kutofanana na maelezo. Dhamana ya mnada iko juu ya sharti lako. Lebo ya plastiki yenye namba, isiyotoka bila kukatwa, inasaidia dhidi ya wale wanaovaa kitu kwenye sherehe moja na kukirudisha. Ifunge mahali inapoonekana, na uipige picha.

Siku ya kufunga mzigo, chukua video moja isiyokatwa: namba, alama ulizopiga picha, kitu kikiingia kwenye boksi, utepe ukibandikwa, boksi likiwa juu ya mizani, kisha anwani. Pale kaunta dai risiti yenye uzito. Mnunuzi akidai kwamba boksi lilifika tupu, gramu zilizoandikwa na msafirishaji mwenyewe zitamjibu kuliko maelezo yako ya kurasa mbili. Jina la chapa lisionekane nje. Bima isome mpaka mwisho, kwa kuwa wasafirishaji wengi huweka kikomo cha chini kwa vito na saa au huviacha nje kabisa. Kwa mauzo ya dola 750 na zaidi, eBay na PayPal zote hutaka sahihi ya mpokeaji. Bila hiyo ulinzi wako haupo, hata kama kifurushi kilifika.

Tuma kwenye anwani iliyo kwenye oda tu. Mnunuzi akiandika kwamba amehama, futa oda anunue upya kwa anwani mpya. Akisema atamtuma msafirishaji wake, kataa: mwenye akaunti ya msafirishaji anaweza kuugeuza mzigo njiani, nawe ubaki bila uthibitisho wa kuufikisha. Akitaka kulipa kwa PayPal kama anayemtumia rafiki fedha, ulinzi wa muuzaji haufanyi kazi hapo. Na barua pepe inayosema fedha zimeingia si fedha. Fungua akaunti kwa kuandika anwani ya tovuti mwenyewe, uone salio.

Kwa saa, mikoba na viatu kadhaa, eBay hupitisha mzigo kwa wakaguzi wake kabla haujamfikia mnunuzi. Bidhaa yako ikiingia kwenye mpango huo, ushukuru, maana kitu kilichokwisha kukaguliwa ni vigumu kukibadilisha.

Mzigo ukirudi, usirudishe fedha kwa kuonyeshwa namba ya ufuatiliaji. Piga picha boksi lingali limefungwa, lipime, ulifungue mbele ya kamera siku hiyohiyo, ulinganishe mkwaruzo kwa mkwaruzo na picha ulizozificha. Kikiwa sicho, usikiguse zaidi. Toa taarifa kwenye mnada ndani ya muda wao, upeleke nakala polisi, na namba ya taarifa ya polisi uiweke kwenye dai lako.

Wako,
Muuzaji wa bidhaa za chapa