Mama, kuhusu lile la wifi

Hangzhou, China

Shikamoo Mama,

Mimi huku mzima, alhamdulillahi, mafua yamekwisha na mitihani nayo imekwisha. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote. Duka limefungwa, mtaji umeliwa, na aliyeula ni mke wa Kaka. Sitaki kukubishia, Mama, ila nina kisa cha Wachina nataka nikusimulie.

Wana methali isemayo: ukitaka kumtwika mtu kosa, maneno hayakosekani. Asili yake imo katika Zuozhuan, kitabu chao cha historia ya kale. Mwaka 650 KK, katika dola ya Jin, kulikuwa na waziri akiitwa Li Ke. Mtawala mzee alipofariki, Li Ke aliwaua wanawe wawili waliorithishwa kiti, mmoja baada ya mwingine. Ndipo Yiwu, mtoto mwingine aliyekuwa uhamishoni, akapata njia ya kurudi kutawala. Kiti kilipomkalia vizuri, akamtumia Li Ke ujumbe: bila wewe nisingefika hapa, lakini umeua watawala wawili na ofisa mkubwa, sasa kuwa bwana wako si kazi nzito? Li Ke akajibu: wasingeondolewa wale, wewe ungeinukaje? Ukitaka kunitwika kosa, utakosa maneno? Amri nimeisikia. Akajiangushia upanga, akafa.

Fadhila ya punda, najua ndivyo utakavyosema. Lakini Yiwu alikuwa na hofu yake. Ndugu yake Chong'er alikuwa bado hai ugenini, na aliyekwisha kuondoa wawili hashindwi kumwondoa wa tatu.

Siku hizi anayeitamka methali hii aghalabu ni mtu aliyesingiziwa, tuseme kazini. Akishaisema, hana haja tena ya kujieleza. Hapa Hangzhou, kando ya ziwa, lipo kaburi la jemadari Yue Fei, aliyeuawa mwaka 1142. Waziri Qin Hui, aliyemsingizia, alipoulizwa ushahidi uko wapi, inasimuliwa kwamba alijibu "huenda upo". Leo sanamu yake ya chuma imepigishwa magoti mbele ya kaburi, na watu wameitemea mate miaka na miaka.

Ila Yue Fei alikuwa hana hatia, na kwa hiyo kisa chake ni chepesi. Mimi namfikiria zaidi Li Ke. Damu ilikuwa mikononi mwake kweli, na Yiwu alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Halikumkera mpaka alipokwisha kufaidika nalo.

Mama, wifi mdomo anao, hata mimi ameshanichamba. Kulala mpaka jua kali, sawa. Lakini dhahabu zake za harusi ndizo zilizouzwa tukapata mtaji, na siku zile hakuna aliyesema ni mvivu wala ana mkono mrefu. Haya yote tumeyasikia baada ya rafu kubaki tupu.

Kabla hujamwita mjomba kwenye kikao, mwambie Kaka alete daftari la madeni. Usikubali akusomee yeye, shika mwenyewe uone. Waliochukua mchele na sukari kwa mkopo ni wenzake wa barazani, na wazazi wao unawajua nyumba kwa nyumba.

Nitapiga Ijumaa, mkishaswali Isha. Huku itakuwa usiku wa manane, lakini pokea tu.

Mwanao,
Zuhura