Vifurushi vya zana za lugha visiwe maganda matupu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotengeneza vifurushi vya zana za lugha za programu kwa ajili ya Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, na jamaa zake. Umeenea mtindo wa kutengeneza ganda tupu. Ndani ya faili ya .deb, yaani kifurushi chenyewe, hamna kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tayari) wala maktaba, ila hati ya postinst, inayoendeshwa kifurushi kikiwekwa, ambayo huita curl, zana ya kupakua, ikapakua mzigo wote mtandaoni na kuumwaga /usr/local. Mtumiaji anaona mambo yamekwenda vizuri. Hebu aendeshe dpkg -L, amri ya kidhibiti cha vifurushi cha Debian inayoorodhesha faili za kifurushi: ataoneshwa saraka kadhaa, changelog na faili ya hakimiliki, basi. dpkg --verify, inayokagua kama faili zimebadilika, haina cha kukagua. Akikiondoa kifurushi, mamia ya faili yanabaki palepale. Tena postinst huendeshwa kwa mamlaka ya root, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo seva unakopakuliwa mzigo ikivamiwa, mvamizi amekabidhiwa mashine nzima. Na mtandao ukikatika katikati, hati inashindwa, kifurushi kinabaki kimesanidiwa nusu, na apt, zana ya kuweka vifurushi, italalamika kila ikiitwa.

Kompaila ijengwe kutoka msimbo chanzo, kwenye mashine ya ujenzi isiyo na intaneti. Wengi hukwama hapo, maana zana za siku hizi hupenda kujichotea mtandaoni vitegemezi, yaani maktaba za wengine zinazozihitaji, wakati wa kujengwa. Kwa lugha ya Go, endesha go mod vendor, inayonakili vitegemezi ndani ya msimbo, kabla ya kuufunga. Kwa lugha ya Rust, endesha cargo vendor (cargo ni zana yake ya ujenzi), kisha uielekeze cargo kwenye saraka ya nakala hizo kupitia .cargo/config.toml na ujenge kwa --offline. Leseni za vyote ulivyobeba ziandikwe debian/copyright. Ni kazi ya kuchosha, lakini haina njia ya mkato.

Lipo pia suala la kuku na yai. Tangu toleo la 1.5 la mwaka 2015, kompaila ya Go imeandikwa kwa Go yenyewe, hivyo haijengeki bila Go nyingine: 1.20 inataka angalau 1.17, na 1.22 inataka angalau 1.20. Rust ni kali zaidi, kila toleo hujengwa na lile lililolitangulia. Ukiwa umeachwa nyuma matoleo manne, utayajenga yote manne kwa zamu.

Kosa jingine ni kuchanganya prefix na DESTDIR. Prefix, yaani saraka ambamo programu itakaa kwa mtumiaji, ambayo hapa ni /usr, huandikwa ndani ya programu. DESTDIR ni pa kuwekea faili kwa muda tu wakati wa kujenga kifurushi, kwa mfano debian/tmp. Ukitia njia ya muda kwenye prefix, kompaila itafanya kazi vizuri kwako, ila ikifika kwa mtumiaji itazitafuta maktaba zake katika saraka ambayo kwake haipo. Pitisha amri ya strings, inayoonesha maandishi yaliyomo, juu ya faili iliyojengwa na utafute jina la saraka ya ujenzi kabla hujaituma popote.

Namba za matoleo nazo zina mtego. Kwa dpkg, 2.0rc1, yaani toleo la majaribio kabla ya 2.0, ni kubwa kuliko 2.0. Ukishaitoa hivyo, 2.0 halisi ikija mashine za watu zitaikataa kama ya zamani, na dawa itakayobaki ni kuongeza epoki, namba inayotangulia toleo, 1:2.0, ambayo hutaiondoa tena. Andika 2.0~rc1, kwani alama ya ~ huifanya ndogo kuliko 2.0.

Zana ikiwa na amri ya kujisasisha yenyewe, izime kwa kiraka, yaani badiliko dogo la msimbo. Isipozimwa, itaandika juu ya faili za /usr ambazo dpkg inadhani inazijua. Ni kwa sababu hiyo hiyo Debian 12, ya mwaka 2023, iliweka faili ya EXTERNALLY-MANAGED inayoizuia pip, zana ya kuweka maktaba za Python, kugusa maktaba za Python za mfumo. Nashangaa kuona ushauri wa kuongeza --break-system-packages ukitolewa kama tiba, ilhali jina lenyewe la chaguo hilo linasema litavunja nini: vifurushi vya mfumo. Anayetaka maktaba zake aweke python3-venv na ajitengenezee mazingira yake ndani ya saraka ya nyumbani.

Mwisho, kabla ya kutoa kifurushi, kipitishe kwenye piuparts, zana ya kujaribu vifurushi. Hukiweka katika mfumo mtupu, hukiondoa pamoja na usanidi wake, kisha hutaja kila faili iliyosahaulika. Ganda la curl halipiti hapo.

Mtunza vifurushi