Msimfunge mnyororo mbwa wa Nyegezi, mpeni kazi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nimjibu ndugu wa Nyegezi aliyeandika juu ya mbwa wake wa aina ya haski. Alisema kochi limekwisha kutafunwa, msingi wa ukuta umechimbwa, na akimrushia mpira mbwa anageukia pembeni kama mdaiwa aliyekutana na mdai wake sokoni. Akamalizia kwamba ameshaagiza mnyororo. Ndugu yangu, kabla hujaulipia, nisikilize.

Mimi ni fundi seremala wa Bwiru, hapahapa Mwanza, miaka 63. Mbwa wangu sikumnunua. Kijana wangu alimleta akiwa wa miezi minne, halafu akahamishwa kikazi kwenda Dodoma, chumba kimoja cha kupanga, mbwa akabaki kwangu. Alikuja na jina la kizungu, watoto wa mtaani wakalitupa wakamwita Fisi. Hapa kwetu Usukumani jina hilo si la mzaha sana, maana fisi husemwa ndiye usafiri wa wachawi usiku. Macho ya buluu, kubweka habweki, na usiku meli ya Bukoba ikipiga honi yeye anaipokea kwa kuvuta sauti mpaka mbwa wote wa mlimani wanaamka. Bibi mmoja jirani alinivuta kando akaniuliza kwa upole kama huwa nampanda. Nikamjibu, "Hapana mayu, yeye ndiye anayeniburuza."

Mpira nami nilianza nao. Nilirusha, Fisi akautazama ulikoangukia, akanitazama mimi, akaketi. Mjukuu wangu akaukimbilia akauleta. Tulirudia hivyo jioni nzima. Mjukuu alilala bila kula, Fisi usiku huohuo akang'oa kitasa cha mlango wa karakana.

Kosa lilikuwa langu. Kazi ya kumrudishia mtu kitu ni ya mbwa wengine, kama Labrador, waliozalishwa vizazi na vizazi wamletee mwindaji ndege aliyempiga. Haski asili yake ni mbwa wa kabila la Chukchi, huko mashariki ya mbali ya Siberia, na kazi yake ilikuwa kuvuta sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji. Mzigo mwepesi, safari ndefu. Mwaka 1925 mji wa Nome kule Alaska uliingiliwa na dondakoo, dawa iko mbali, bandari imezibwa na barafu. Mbwa wapatao 150 walipokezana zaidi ya kilomita 1,000 wakaifikisha kwa siku tano na nusu. Kipande kirefu na kibaya kuliko vyote kilivutwa na kundi lililoongozwa na Togo, mbwa mzee wa miaka 12. Sanamu pale New York akajengewa Balto, aliyeongoza kundi la kipande cha mwisho. (Mafundi tunalijua hili. Anayepaka vanishi ndiye anayesifiwa kwa kabati.) Sasa damu ya namna hiyo unaifungia uani Nyegezi, unaipa mpira, halafu unashangaa kochi.

Nilichofanya ni kumtengenezea mikanda ya kuvutia mzigo. Nilitumia mkanda wa siti ya gari kuukuu nikaushonea sponji, ukapita kifuani na mabegani. Usimfunge kamba shingoni avute, utamnyonga. Wiki ya kwanza alivuta boksi tupu la mbao, apate kuzoea kelele za kitu kinachomfuata nyuma. Kisha tairi la pikipiki. Leo anavuta toroli dogo la magurudumu manne lenye vipande vya mbao, na mimi nafuata nyuma nimeshika kamba, natokwa jasho kama nabeba mninga. Ila wako kama hajafikisha mwaka na nusu, mtembeze tu. Mifupa bado haijakomaa, mizigo iache kwanza.

Saa ndiyo jambo kubwa. Tunatoka saa kumi na moja alfajiri. Jua la Mwanza linachelewa kuchomoza, kwa hiyo unapata zaidi ya saa nzima ya ubaridi kutoka ziwani, barabara ya vumbi haina mtu isipokuwa wavuvi na akina mama wanaowahi dagaa mwaloni. Likishachomoza tuko nyumbani. Lami ya mchana usimkanyagishe. Weka mgongo wa kiganja chako juu yake, ukishindwa kuhesabu hadi kumi, naye hawezi.

Mara moja nilipuuza. Ilikuwa saa kumi jioni, mteja anasubiri stuli zake, nikasema nitamaliza mambo mawili kwa safari moja. Hatukufika mbali. Fisi alianza kuyumba, ulimi umetoka wote, mate mazito kama uji, akajilaza katikati ya njia na toroli lake. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na kuhema kulikuwa kumemshinda. Kijana wa bodaboda, Mungu ambariki, alisimama akanisaidia kumwingiza chini ya mwembe, tukammwagia dumu zima la maji tumboni na miguuni, kisha tukampakia kwenye bajaji hadi kwa daktari wa mifugo. Alipona. Stuli nilizipeleka kesho yake na mteja alinisema vya kutosha.

Baada ya siku ile kinyozi wa mtaani alijitolea kumnyoa awe mwepesi. Daktari alikataa kabisa. Manyoya yale ya tabaka mbili yanakinga ngozi na jua pia, ya ndani yanayopukutika unayatoa kwa brashi, basi. Mchana Fisi analala kwenye shimo alilojichimbia chini ya jabali nyuma ya nyumba. Nilimkataza kuchimba, mpaka nilipoingiza mkono mle nikakuta ubaridi wa mtungi. Nikanyamaza.

Na kichwa chake nacho kinataka shughuli. Karakana yangu haikosi maranda. Najaza boksi, nazika ndani yake dagaa kavu wachache niliowaosha mchanga, namwachia. Nusu saa anafukua kwa pua, akimaliza analala kama aliyetoka shamba. Siku za joto nagandisha supu ya sangara isiyo na chumvi wala miiba kwenye kopo, anailamba taratibu. Gharama yake ni ndogo kuliko mguu mmoja wa kochi.

Ziwani simwingizi, ingawa wengi wananishauri. Mamba wapo, na mimi nitakayesimama majini kumshika ndiye nitakayerudi na kichocho. Kamba nayo simwachii popote. Aliponyoka siku moja tu, kuku watatu wa kienyeji wa jirani wakawa marehemu, nikalipa 75,000 na kuomba radhi juu yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka, hilo sina haja ya kulirefusha.

Kuna msomaji mwingine aliandika kwamba mbwa wa baridi asingeletwa Mwanza kabisa. Simpingi. Ningeulizwa mimi, Fisi asingekuja. Lakini amekwishakuja, na wako pia, na wanaowauza hawakutuambia neno juu ya alfajiri.

Kwa hiyo, ndugu wa Nyegezi, toroli la pili nimeshalianza, limebaki kuwekwa magurudumu. Njoo Jumamosi ulitazame, na uje na kipimo cha kifua cha mbwa wako. Vaa viatu vyenye soli, maana kwetu ni mawe matupu. Na usije saa mbili, utatukuta tumelala wote wawili.

Fundi seremala,
Bwiru, Mwanza.